Barua zenu: Natikisika, nifanyeje?

Katika toleo lililopita nilieleza pozi la yoga liitwalo mti: unasimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili umeuegemeza ndani ya paja, viganja vimekutana kifuani. Kwa barua zilizofuata, ni kama nusu ya nchi iko sebuleni usiku inaanguka. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mtu wa pili, nikazifupisha. Majina nimeyaondoa.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, naishi Tabata, Dar es Salaam, kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa. Nimeanza yoga nyumbani, usiku mtoto akishalala, nikifuata video za YouTube kwenye televisheni. Mapozi ya kukaa na ya kulala nayaweza. Likija la mti, naanguka. Mguu wa kulia najikaza kidogo, wa kushoto hata kuhesabu tatu sifiki. Kifundo kinatikisika mpaka naona aibu, na niko peke yangu. Au mimi nimezaliwa bila usawa?

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujausema mwili wako, tuiseme sebule.

Sebule nyingi za Dar ninazoingia zina zulia la manyoya katikati, mbele ya televisheni, na kama unafuata video basi hapo ndipo unaposimama. Juu yake umetandika mkeka wa sponji, ule mnene, kwa sababu muuzaji kakwambia ndio mzuri. Vyote viwili vinabonyea. Kisigino kikizama upande mmoja, kifundo kinalazimika kurekebisha, na kabla hakijamaliza kinazama upande wa pili. Mtu yeyote ukimsimamisha juu ya godoro kwa mguu mmoja atayumba, mwalimu naye yumo. Hamia kwenye vigae au saruji, pakavu, pekupeku. Mkeka weka kwa mapozi ya kulala. Na kama umepaka mafuta miguuni, futa.

Halafu hiyo televisheni. Mwili unapata habari za usawa kutoka sehemu tatu. Kuna sikio la ndani, lenye mirija midogo ya majimaji inayohisi kichwa kikiinama au kikigeuka. Kuna macho. Na kuna mishipa ya fahamu iliyomo kwenye nyayo, misuli na viungo, inayoujulisha ubongo kila kiungo kiko wapi. Wewe unamtazama mtu anayesogea kwenye kioo, shingo umeigeuza, na chini umesimama juu ya manyoya. Zote tatu umezivuruga, halafu unauliza kama umezaliwa na kasoro! Sikiliza video, usiitazame. Macho yako yapeleke kwenye kitu kisichosogea, usawa wa macho au chini yake kidogo. Swichi ya taa inafaa sana. Wenye yoga yao huita kukaza macho huko drishti, na si mapambo. Ukitaka kuhakikisha, simama karibu na ukuta kwa mguu mmoja, kisha fumba macho. Utauhitaji huo ukuta mara moja.

Sasa wayo wenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ndiko kwenye kazi. Anayeanza namjua kwa vidole. Akiinua mguu wa pili tu, vidole vya mguu wa kusimamia vinajikunja na kung'ang'ania sakafu, kucha zinageuka nyeupe, na kidole gumba kinanyanyuka chenyewe bila ruhusa. Tao la wayo linalalia ndani, goti linalifuata, nyonga inatokeza ubavuni, na mwili mzima uko njiani kwenda chini. Mwenyewe wakati huo anahangaika na mikono, anaipunga hewani, ilhali mambo yameharibikia chini kabisa.

Uzito wako ukae juu ya mafiga matatu: shina la kidole gumba, shina la kidole cha mwisho, na katikati ya kisigino. Figa moja likinyanyuka, chungu kinapinduka. Simama kwanza kwa miguu yote miwili. Nyanyua vidole vyote, vitandaze, kisha virudishe chini polepole bila kukwaruza. Utahisi tao limepanda lenyewe. Kama hujui uzito wako unakaa wapi, lowesha miguu bafuni, simama kwenye saruji kavu, ondoka, utazame alama. Wengine wataona wayo mzima umechapwa, hakuna upenyo wa ndani. Huo ni wayo bapa, wengi wameumbwa nao na wanaishi vizuri tu, lakini hao zoezi la vidole lisiwapite hata siku moja.

Na kutikisika? Huko ndiko kujifunza kwenyewe. Misuli ya nje na ya ndani ya mguu inavutana kwa zamu ili uzito usitoke juu ya wayo. Wewe unaona tetemeko, yenyewe iko kazini. Hata aliyesimama kwa miguu miwili kwenye foleni ya benki anayumba kidogo muda wote bila kujijua. Mazoezi hayafuti kuyumba, yanakupunguzia ukubwa wake, na yanakufundisha kurudi mapema. Anayejikaza ndiye anayeanguka upesi, kwa sababu amebana pumzi na kulifunga goti mpaka nyuma, na kifundo hakina tena nafasi ya kurekebisha. Goti lako la kusimamia lilegeze kiasi kwamba mtu akikutazama asione.

Mguu wa juu usiupeleke pajani siku ya kwanza. Anza na kisigino kikiwa juu ya kifundo cha mguu wa pili, vidole vingali vinagusa sakafu. Hilo ni pozi la mti kamili, asikudanganye mtu. Ukizoea, nyanyua vidole, wayo ukae ndani ya mguu chini ya goti. Baadaye sana, paja. Mahali pamoja pa kuruka ni goti lenyewe. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua. Kusukumwa ubavuni halikuumbiwa, na kila siku naona picha za watu wanatabasamu huku wayo umekaa hapohapo. Ukifika pajani, wayo usukume paja na paja liusukume wayo. Ukiulaza tu utateleza, hasa ukivaa taiti za kung'aa.

Kuhusu kushoto: karibu kila mtu ana mguu mmoja mtiifu na mmoja mkaidi. Jiulize tu mtoto unambeba nyonga ipi, na ukisubiri daladala unalalia mguu upi. Kila siku anza na ule mkaidi ukiwa bado hujachoka. Pumzi tano za polepole kila upande, mara mbili, ukisubiri chai ichemke. Afanyaye hivyo kila siku atamwacha mbali anayehangaika saa nzima Jumamosi.

Mwalimu, hujambo? Mimi ni mstaafu wa reli, nina miaka 71, niko Moshi. Binti yangu aliye Marekani amesoma mahali kwamba mzee asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 yuko karibu kufa. Kila akipiga simu ananiuliza nimefikisha ngapi. Nameza dawa za presha. Nianze hiyo yoga, au nimwambie aniache nife kwa amani?

Sijambo baba, shikamoo. Usife kwanza.

Alichosoma binti yako kipo. Ni utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza, British Journal of Sports Medicine. Walipimwa watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75, waambiwe wasimame kwa mguu mmoja sekunde 10. Mmoja kati ya watano alishindwa, na katika miaka iliyofuata waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa walioshindwa. Lakini mwambie binti yako asome na sehemu zilizobaki. Walioshindwa ndio pia waliokuwa na kisukari zaidi, moyo zaidi, unene zaidi. Mguu haukumuua mtu; ulikuwa unasema habari za mwili mzima. Na katika kundi la miaka 71 hadi 75, zaidi ya nusu walishindwa. Kwa hiyo ukifika sekunde sita uko na wenzako.

Sababu yangu ya kukushauri uanze si hiyo. Ni kuanguka. Mzee akianguka bafuni akavunjika nyonga, nyumba nzima inabadilika. Na usawa, tofauti na nywele, hurudi ukifanyiwa kazi hata katika umri wako.

Fanya hivi. Simama mbele ya sinki la jikoni au meza nzito, mikono miwili imelala juu yake. Usitumie kiti cha plastiki, kinateleza na kukuacha. Kandambili ziache mlangoni. Nyanyua kisigino kimoja, vidole vibaki chini, pumua, rudisha, badilisha. Wiki za mwanzo ndiyo yoga yako yote hiyo. Halafu nyanyua wayo mzima kidogo tu, na punguza mikono: viganja, kisha vidole, kisha vidole viwili. Mkono mmoja usiwe mbali na sinki hata ukijiona bingwa. Macho wazi daima.

Kuhusu presha: baadhi ya dawa hushusha presha ghafla mtu anaposimama, akaona giza. Kwa hiyo usifanye mara tu utokapo kitandani. Kaa ukingoni kwanza, chezesha vifundo, ndipo usimame. Siku ya kliniki mwombe muuguzi akupime ukiwa umekaa na tena ukiwa umesimama. Mikono isipande juu ya kifua. Ya kuinua juu ya kichwa waachie vijana. Ukihisi nyayo zina ganzi, au kizunguzungu kinakushika ukijigeuza tu kitandani, daktari aambiwe kabla ya mimi. Hicho cha kujigeuza mara nyingi hutokana na chembechembe ndogo za sikio la ndani zilizohama mahali pake, na kuna namna ya kukigeuza kichwa ambayo daktari akiijua, huzirudisha bila hata kidonge.

Mwalimu, katika mapozi ya mguu mmoja lipi linaondoa kitambi haraka?

Hakuna. Punguza chipsi.

Assalaam alaykum. Mimi niko Mombasa, Old Town. Nataka kuja darasani lakini mume wangu asema yoga ni ibada ya Kihindi na haifai kwa Muislamu. Pili, sivai suruali za kubana mbele za watu. Je, nitaweza?

Wa alaykumu salaam, dadangu. La kwanza si la kupuuzwa, wala mumeo hakulizua. Asili ya yoga ni India, na majina ya mapozi mengine yana imani ndani yake. Mti ni mti tu na mlima ni mlima, lakini pozi la tai linaitwa kwa jina la Garuda, kipando cha Vishnu, na lile la mcheza ngoma linaitwa Nataraja, yaani Shiva akicheza. Mwaka 2008 Baraza la Kitaifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga kwa sababu ya nyimbo za ibada na mambo yanayoambatana nazo. Waziri Mkuu wa huko akaja kusema kwamba mazoezi ya mwili matupu, pasipo nyimbo hizo, hayana neno. Nayo Saudi Arabia mwaka 2017 iliruhusu kufundisha yoga kama shughuli ya michezo. Wanavyuoni, basi, hawajakaa upande mmoja.

Mimi ni Muislamu, Mtanga, nimefundisha netiboli na michezo shuleni kabla ya kuanza haya. Darasani kwangu hakuna kuimba, hakuna udi mbele ya sanamu, na salamu ya mwisho ni ahsante. Nafundisha kifundo, goti na pumzi. Hivyo ndivyo nilivyoamua mimi, fatwa sitoi. Zungumza na mumeo, muulizeni mnayemwamini, na muende wote wawili kulitazama darasa kabla hujalipa. Mwalimu asiyekubali kutazamwa, achana naye.

La pili ni jepesi. Wengi wa wanafunzi wangu wanakuja na dera, chini suruali ya pamba iliyopwaya, kichwani ushungi uliobanwa vizuri usikudondokee machoni ukiinama. Shida ya dera ni moja: linateleza, wayo hauwezi kushika paja juu yake. Lichukue upande mmoja, likunje, lichomeke kiunoni kama unavyofanya ukisuza nguo, wayo ukutane na pamba ya suruali. Au baki na wayo chini ya goti, ambako dera halikusumbui. Ila usivae dera lenye mkia mrefu. Ukilikanyaga ukiwa juu ya mguu mmoja, hakuna mafunzo yatakayokuokoa.

Habari yako mwalimu. Nafundisha Gredi ya 5 hapa Nakuru. Niliwaonyesha wanafunzi pozi la mti kwenye kipindi cha michezo, nikaanguka, wakacheka kweli. Mmoja akaniuliza: flamingo wa Lake Nakuru wanasimama hivyo kutwa, mbona hawaanguki? Mwingine akasema Wamaasai pia husimama kwa mguu mmoja, na hawajaenda darasa la yoga. Niwajibu nini?

Nzuri, mwenzangu. Hao watoto wapewe alama zote.

Anza na flamingo, ambao sisi wengine tunawaita heroe. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Marekani, Young-Hui Chang na Lena Ting, walichapisha jambo la ajabu: walichukua flamingo waliokwisha kufa, wakawasimamisha kwa mguu mmoja, na maiti zikasimama. Kwa miguu miwili hazikukaa imara vile. Mguu wa ndege huyo umepangika hivi kwamba uzito wa mwili ukiwa juu ya mguu mmoja, viungo vinajikaza vyenyewe kwa huo uzito, misuli inapumzika. Wale waliosimama ukingoni mwa Bogoria au Natron huenda wanatumia nguvu ndogo kuliko mwanafunzi wako aliyekaa kwenye dawati. Waambie na hili, watalipenda: lile tunaloliona ni goti lililokunjikia nyuma si goti. Ni kifundo cha mguu. Goti limejificha juu kwenye manyoya.

Binadamu hatukupewa kitasa hicho. Mguu wetu mmoja unasimama kwa misuli, muda wote, ndiyo maana unachoka.

Swali la pili ni zuri zaidi, maana jibu lake ni somo. Mchungaji wa Kimaasai, na wa Kiturkana, na wa Kidinka huko Sudan Kusini, akipumzika kwa mguu mmoja mara nyingi ameegemea fimbo au mkuki, na wayo wa pili ameutia karibu na goti. Kwa hiyo ana mahali pawili ardhini, mguu na fimbo, vimeachana, na uzito uko katikati. Anaweza kukaa hivyo ng'ombe wakila. Si yoga, na wala hakuhitaji kuwa yoga. Lakini ndivyo ninavyowaanzishia wanafunzi wangu: nawapa mti wa fagio. Ushike kwa mkono wa upande wa mguu ulioinuliwa, uusimamishe nusu hatua ubavuni, usiulalie, uguse tu. Baada ya muda kidole kimoja kinatosha. Wape watoto wako fimbo, kisha wazinyanyue kidogo kidogo kutoka ardhini. Hutaanguka peke yako tena.

Na kama una kipindi cha ziada, tafuta picha ya mchongo wa mwamba wa Mamallapuram, kule Tamil Nadu, India, wa karne ya 7. Kuna mtawa mkondefu, mbavu zinahesabika, amesimama kwa mguu mmoja mikono juu. Chini yake kachongwa paka naye kainua mikono vivyo hivyo, mtakatifu kabisa, na panya wamemzunguka. Kila mtoto niliyewahi kumwonyesha anajua mara moja paka yule anangoja nini.

Shikamoo. Nina miaka 19, nacheza netiboli Mwanza, mlinda goli. Niliteguka kifundo cha kulia nikitua baada ya kuruka. Uvimbe umepungua. Kocha anasema nipumzike tu, mama anasema nikandwe. Naweza kufanya pozi la mti?

Marahaba. Swali kwanza: siku ile uliweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea? Na ukibonyeza mfupa wenyewe, ule uliotokeza kila upande wa kifundo, nyuma yake na kwenye ncha, unauma sana? Aliyeshindwa hatua nne, au anayeumia kwenye mfupa, aende akapigwe eksirei kabla ya kukandwa na mtu yeyote.

Kama hapo umepita salama, kocha ana nusu ya haki. Kupumzika siku za mwanzo sawa, kupumzika tu hapana. Kano zilizovutika zilikuwa na mishipa ya fahamu inayoujulisha ubongo kifundo kiko wapi, na baada ya kuteguka habari hizo zinachelewa. Ndiyo maana wachezaji wanateguka palepale msimu baada ya msimu. Mazoezi ya usawa hupunguza kuteguka tena. Hilo madaktari wa michezo wanakubaliana. Ukiweza kukanyaga bila maumivu makali, anza: mkono ukutani, kisigino juu ya kifundo, vidole chini. Usiku ukivimba tena, ulizidisha. Ukiweza kusimama pumzi tano bila ukuta, ongeza kazi: simama kwa mguu ule na urushiane mpira na mwenzako, kwanza kifuani, halafu pembeni. Pozi la kukaa kimya halitoshi kwa mlinda goli. Uwanjani hakuna atakayekungoja utafute swichi ya taa.

Nina mimba ya miezi mitano, Kigamboni. Niache?

Kama mkunga wako hajakukataza mazoezi, usiache, shika ukuta. Tumbo linasogeza uzito mbele kila wiki, kwa hiyo usawa wa mwezi jana si wa leo. Wayo chini ya goti, mgongo karibu na ukuta, na usifanye ukiwa na njaa.

Mwalimu, mimi ni muuguzi Muscat, mzaliwa wa Pemba. Nafanya mazoezi nikitoka zamu ya usiku. Pozi la mti sasa nakaa dakika nzima kila upande. Kipi kinafuata? Kwenye picha naona watu wamekamata mguu nyuma ya kichwa, nami natamani.

Hongera. La kukamata mguu nyuma liache kwanza. Linataka mgongo na bega kuliko usawa, na wengi wanaolikimbilia wanalifanya kwa kiuno kinachouma.

Nenda kwenye shujaa wa tatu: mguu mmoja umesimama, kiwiliwili na mguu wa pili vimelala sambamba na sakafu. Wengi wanafundisha lile la tai kwanza, kusokota miguu na mikono. Mimi naona ni mapema, maana anayeanza akishasokotwa hajui tena kosa liko wapi. Shujaa hafichi. Weka mikono juu ya mgongo wa kiti kizito au ukingo wa kitanda cha chuma, rudi nyuma mpaka mikono inyooke, kisha inua mguu mmoja nyuma. Nyonga ya mguu ulioinuliwa itataka kufunguka kuelekea dari. Irudishe chini mpaka vidole vya mguu ule vitazame sakafu. Hapo utashangaa mguu umeshuka na kazi imeongezeka mara mbili, nyuma ya paja na kwenye tako la mguu wa kusimamia. Acha ushuke. Kuupandisha mguu juu sana hakumsaidii mtu.

Likikaa, jaribu nusu mwezi, yaani mguu mmoja na kiganja kimoja chini, mguu wa pili hewani na kifua kimegeukia ubavuni, ukiwa na ukuta mgongoni, na chini ya kiganja weka kopo kubwa la maziwa ya unga, lililojaa, ili sakafu ije kwako. Usitumie kopo tupu, linabonyea.

Na jambo la zamu. Usingizi ukikosekana, usawa nao unapungua. Asubuhi ya kutoka kazini fanya lile la mti tu, karibu na ukuta, ulale. Shujaa mngoje siku ya mapumziko.

Barua za maumivu ya mgongo ni nyingi, nitazishika toleo lijalo. Anayeandika aniambie umri wake, kazi anayofanya kutwa, na analalia godoro gani.